Viza imeisha, kadi haijatoka: kukaa Ujerumani kihalali ukisubiri kibali cha mwenzi

Kabla hujaendelea kusoma, fungua pasipoti yako kwenye ukurasa uliobandikwa viza. Utaona tarehe mbili za uhalali, na ya pili imetanguliwa na neno BIS, yaani mpaka. Hiyo tarehe ya BIS ndiyo inayotawala kila nitakalokueleza hapa. Iandike kwenye kalenda ya jikoni, iweke kwenye simu yako, na mwenzi wako naye aiweke kwenye yake.

Namwandikia mtu aliyekuja Ujerumani kwa viza ya kumfuata mume au mke. Ni viza ya daraja D, aliyoipata ubalozini Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko baada ya kuhangaika na mtihani wa Kijerumani wa A1. Sasa ameshafika, na anatakiwa kugeuza viza ile iwe kibali cha ukaazi, ambacho hutolewa kama kadi. Viza nyingi za familia hutolewa za muda mfupi, kwa makusudi, ili ofisi ya wageni ya mji unaoishi, yaani Ausländerbehörde, imalizie kazi. Tatizo ni kwamba ofisi hizo katika miji mingi zimeelemewa. Viza inaisha baada ya miezi mitatu, na miadi ya ofisini, yaani Termin, unapewa baada ya miezi mitano.

Viza yangu mimi iliisha nikiwa bado nasubiri Termin. Wiki ile sikulala. Nikiona gari la polisi, navuka upande wa pili wa barabara. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa halali siku zote zile, kwa sababu ya barua moja niliyoituma siku kumi na moja kabla ya viza kuisha. Hakuna aliyenieleza. Ndiyo maana nakueleza wewe.

Sheria inasemaje

Sheria ya ukaazi ya Ujerumani, Aufenthaltsgesetz, kifungu cha 81 aya ya 4, kwa maneno ya kawaida inasema hivi: ukiomba kibali kabla kile ulichonacho hakijaisha, basi ulichonacho kinahesabika kuwa kinaendelea mpaka ofisi itoe uamuzi. Viza ya D imo ndani ya kanuni hiyo.

Soma tena, polepole. Haikutaja siku ya miadi, wala haikutaja karatasi yoyote. Kinachokulinda ni ombi lililofika ofisini kabla ya BIS. Karatasi utakayopewa baadaye, Fiktionsbescheinigung, ambayo hapa nitaiita hati ya muda, inathibitisha tu haki ambayo tayari unayo. Ukilishika hilo, nusu ya hofu inakuondoka, na unajua nguvu zako uzielekeze wapi.

Ila kanuni hiyo haimgusi aliyekuja kwa viza ya matembezi, ile ya Schengen ya daraja C. Sheria imeitoa waziwazi. Kuomba kibali ukiwa na viza ya C hakukuongezei hata siku moja. Watu wanashauriana kwenye magrupu: njoo kama mtalii, vuka Denmark mfunge ndoa haraka, rudi Ujerumani uombe. Ndoa ya Denmark inatambulika, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani, Bundesverwaltungsgericht, iliamua kwamba ili uruhusiwe kuomba ukiwa ndani ya nchi, haki yako lazima iwe imepatikana baada ya kuingia Ujerumani mara ya mwisho. Aliyefunga ndoa Denmark kisha akavuka kurudi, ndoa yake imetangulia kuingia kwake. Wengi huambiwa warudi nyumbani wakaombe viza ya D kama kawaida. Kama uko katika hali hiyo, mtafute wakili wa masuala ya wageni leo, viza ikiwa bado hai. Hatua zinazofuata hazikutoshi wewe.

Hatua ya 1: Jiandikishe, na jina lako liwe kwenye sanduku la barua

Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia kwenye nyumba unatakiwa kuandikisha anwani yako. Kazi hiyo inaitwa Anmeldung, na hufanywa kwenye ofisi ya wakazi, siyo ya wageni. Beba pasipoti, cheti cha ndoa, na fomu ya mwenye nyumba inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi ya fomu hiyo. Kama nyumba ni ya mwenzi wako mwenyewe, yeye ndiye anayeijaza na kuisaini.

Ukirudi nyumbani, kabla hujavua viatu, nenda kwenye sanduku la barua. Wengi wetu tuna majina ya baba zetu kwenye pasipoti, na sanduku limeandikwa ukoo wa mume tu. Mtu wa posta wa huku hamuulizi jirani kama unaishi hapo. Asipoona jina, barua inarudi ilikotoka. Namjua dada aliyekosa Termin mbili kwa njia hiyo. Barua zilirudi, na faili lake likaandikwa kwamba aliitwa hakuja. Alikuwa ndani ya nyumba siku zote mbili, anapika. Chukua kipande cha karatasi, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kibandike kwa selotepu chini ya jina la mumeo. Baadaye mwenye nyumba ataweka kibao kizuri, leo karatasi inatosha.

Hatua ya 2: Ombi lifike kabla ya BIS

Hapa ndipo mambo yanapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila mji una njia yake. Mwingine una fomu ya mtandaoni, mwingine unataka baruapepe, mwingine unakwambia subiri miadi. Ingia kwenye tovuti ya mji wako ufuate njia wanayotaka. Lakini usichanganye kuweka miadi na kuomba. Kubonyeza tarehe kwenye kalenda ya mtandaoni kunaweza kubishaniwa kesho kama kulikuwa ombi au la. Kwa hiyo hata kama una Termin, na hasa kama Termin yenyewe inaangukia baada ya BIS, peleka ombi kwa maandishi pia. Sentensi mbili hizi zinatosha kuanzia, zinakili kama zilivyo:

„Hiermit beantrage ich die Erteilung einer Aufenthaltserlaubnis zum Familiennachzug zu meinem Ehegatten. Gleichzeitig bitte ich um Ausstellung einer Fiktionsbescheinigung.“

Maana yake: naomba kupewa kibali cha ukaazi kwa ajili ya kuungana na mwenzi wangu, na pamoja na hilo naomba nipewe hati ya muda. Kama mwenzi wako ni mwanamke, andika „meiner Ehegattin“ badala ya „meinem Ehegatten“. Chini weka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya pasipoti, anwani, tarehe viza inapoisha, na sahihi yako. Ambatisha nakala ya pasipoti na viza, cheti cha ndoa, hati ya Anmeldung na kitambulisho cha mwenzi. Kikikosekana kitu, usingoje kikamilike. Andika kwamba utakileta, na utume. Ombi lenye pengo lililofika mapema linakulinda kuliko faili kamili lililofika siku moja baada ya BIS.

Sasa ushahidi. Ukituma mtandaoni, piga picha ya ukurasa unaosema ombi limepokelewa, na uhifadhi baruapepe ya uthibitisho. Ukituma kwa posta, tuma kama Einschreiben, barua ya rejista, na risiti uibandike kwenye nakala ya barua yenyewe. Ofisi nyingi bado zina faksi, na karatasi ile inayotoka kuthibitisha kwamba faksi imepita ni ushahidi wa maana. Ukipeleka kwa mkono, omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, Eingangsstempel. Usiondoke pale dirishani bila muhuri kwa kuona haya. Sisi tumelelewa kutomsumbua mkubwa akiwa kazini, lakini anayekupigia muhuri anafanya kazi yake, wala humkosei adabu.

Je, BIS imeshapita? Nenda upesi iwezekanavyo. Sheria inairuhusu ofisi kuamua kwamba viza iendelee kuhesabika hata kwa aliyechelewa, ili kuepusha madhara yasiyo ya haki. Lakini hapo unaomba huruma, siyo haki. Kama ulilazwa hospitali au ulizaa wiki hiyo, beba karatasi ya daktari.

Hatua ya 3: Jalada lako

Nunua faili moja la kutoboa, lile la Kijerumani linaloitwa Ordner. Kila karatasi humo ndani, nakala na asili. Kwa mwenzi wa raia wa Ujerumani, kipato kwa kawaida hakitakiwi kuwa kikwazo. Kwa mwenzi wa mgeni mwenzetu anayeishi huku, kwa kawaida ofisi itapima mshahara wake na ukubwa wa nyumba, kwa hiyo hati za mshahara za miezi ya karibuni na mkataba wa nyumba ziwe tayari. Wote mtaulizwa bima ya afya. Kama mwenzi wako yuko kwenye bima ya umma na wewe huna kipato au kipato chako ni kidogo, unaingia kwenye bima yake bila kulipa ziada. Mwambie aombe Familienversicherung mara tu ukishafika.

Picha za karatasi hazipokelewi tena. Tangu Mei 2025 picha ya kadi lazima iwe ya kidijitali, unapigwa ofisini kwenyewe au studio iliyoidhinishwa, wanakupa karatasi yenye msimbo wa kuskani.

Angalia pia pasipoti yako inaisha lini. Ikikaribia, anza mapema na ubalozi wako Berlin. Na ukipewa pasipoti mpya, ile ya zamani yenye viza usiitupe na usikubali ipotee. Sababu utaiona kwenye safari.

Hatua ya 4: Isome hati ya muda kabla hujatoka mlangoni

Hati ya muda ni karatasi ya kukunja yenye jina na picha yako. Ada yake ni euro 13. Watu huipokea, wanashukuru, wanaitia mkobani. Usifanye hivyo. Ifungue ukurasa wa tatu ukiwa bado mbele ya afisa.

Kwenye ukurasa huo kuna viboksi vitatu. Cha kwanza kinasema ukaaji wako unahesabika kuwa umeruhusiwa. Cha pili kinasema kufukuzwa kwako kumesimamishwa, nacho huwekewa alama kwa aliyeomba akiwa amechelewa. Cha tatu kinasema kibali chako cha zamani kinahesabika kuwa kinaendelea, na kinataja § 81 Abs. 4. Wewe uliyekuja kwa viza ya D na kuomba kabla ya BIS, alama yako iko kwenye cha tatu. Ikiwa iko kwingine, uliza hapohapo kwa upole: „Ich habe vor Ablauf des Visums beantragt. Müsste es nicht Absatz 4 sein?“ Yaani, niliomba kabla viza haijaisha, je, haikupaswa kuwa aya ya 4? Kisha toa risiti yako ya Einschreiben. Afisa aliyechoka anaweza kuweka alama pasipo pake, na kosa hilo la kalamu linaweza kukuzuia kuona mazishi ya mzazi wako.

Tazama vilevile hati inaisha lini. Ina tarehe yake, na huongezwa. Wiki tatu au nne kabla ya tarehe hiyo, andika baruapepe kuomba iongezwe.

Na wakikataa kukupa hati kwa maelezo kwamba hawana nafasi? Sheria inasema mwombaji hupewa uthibitisho. Andika tena, taja § 81 Abs. 5, omba angalau barua au baruapepe inayosema ombi lako lipo na kibali chako kinaendelea. Kwa mwajiri barua ya namna hiyo mara nyingi husaidia. Kwa safari haifai hata kidogo.

Hatua ya 5: Kazi

Kama viza yako imeandikwa „Erwerbstätigkeit erlaubt“ au „gestattet“, unaruhusiwa kufanya kazi, na ruhusa hiyo inaendelea pamoja na viza wakati wa kusubiri. Mwajiri analazimika kisheria kuweka nakala ya kibali cha mfanyakazi mgeni, kwa hiyo wengi huingiwa na hofu siku viza inapofika mwisho. Mwajiri wangu wa kwanza, kampuni ndogo ya usafi, alinirudisha nyumbani siku tatu mpaka nilipomletea hati ya muda. Siku hizo sikulipwa. Usingoje wakuulize. Wiki mbili kabla ya BIS, wapelekee nakala ya ombi na risiti yake. Hati ikitoka, wapelekee nakala siku hiyohiyo.

Leseni ya udereva ya nyumbani inakufaa kwa miezi sita tangu uanze kuishi huku. Baada ya hapo, mwenye leseni ya Kenya au Tanzania atafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Wengi hulisahau hili kwa sababu akili yote iko kwenye kibali, na kuendesha bila leseni halali ni kosa la jinai.

Hatua ya 6: Safari, hasa ya msiba

Kwa ushauri wangu, usisafiri mpaka kadi itoke. Lakini msiba hausubiri kadi, nami siwezi kumwambia mtu asiende kumzika mama yake.

Ujerumani imeuarifu Umoja wa Ulaya rasmi kwamba hati ya muda yenye alama kwenye kiboksi cha tatu ni miongoni mwa hati zake za ukaazi. Unaruhusiwa kuingia nayo, kwa sharti uwe umeibeba pamoja na pasipoti na viza au kibali kilichoisha. Vyote kwa pamoja. Ndiyo sababu nimesema pasipoti ya zamani isipotee. Hati yenye alama kwenye kiboksi cha kwanza au cha pili haikurudishi. Ukitoka nayo, njia ya kurudi ni kuomba viza upya.

Polisi wa mpaka wa Ujerumani wanaijua hati hii. Ugumu uko kwenye kaunta ya ndege nyumbani. Kijana wa kaunta anaona viza imeisha. Anaona kikaratasi cha kukunja, cha Kijerumani, ambacho hajawahi kukiona. Shirika la ndege hutozwa faini likimbeba mtu asiye na hati, basi kwake yeye kukukataa ni salama kuliko kukukubali. Mimi nilisimama pembeni na masanduku yangu karibu saa nzima.

„Mama, viza hii imekufa.“

„Viza imeisha, kibali kinaendelea. Tazama hapa, ukurasa wa tatu. Mwite msimamizi wako, tafadhali.“

Alikuja msimamizi, akapiga simu, akarudi, akanipa pasi ya kupandia. Kilichonisaidia ni mambo matatu. Nilifika zikiwa zimebaki saa nne kabla ya ndege kuondoka. Nilikuwa nimechapisha maelezo rasmi ya hati hiyo kwa Kiingereza. Na sikupandisha sauti. Ongeza na hili: chagua ndege ambayo mguu wako wa kwanza Ulaya utakanyaga Ujerumani kwenyewe, na upunguze vituo vya njiani, maana kila kituo kina kaunta yake na kijana wake.

Kama huna hati ya muda na msiba umeingia, andikia ofisi baruapepe yenye kichwa „Notfall – Todesfall in der Familie“, ambatisha cheti cha kifo au barua ya hospitali na tiketi uliyoshikiza, kisha nenda mwenyewe asubuhi wanapofungua. Ofisi inaweza kutoa hati siku hiyohiyo kwa jambo la namna hiyo. Hakikisha hati haitaisha ukiwa nje. Na ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, haki ya ukaazi kwa kawaida inapotea.

Hatua ya 7: Kusubiri kwenyewe

Baada ya kutuma kila kitu, ukimya. Usikate tamaa, na usiandike kila siku. Barua moja fupi kila baada ya wiki nne au tano, yenye namba ya faili na nakala ya uthibitisho, inatosha. Miezi mitatu ikipita bila uamuzi na bila sababu ya maana, sheria ya mahakama za utawala, kifungu cha 75, inakupa njia ya kuishtaki ofisi kwa kutotenda. Inaitwa Untätigkeitsklage. Mara nyingi haifiki mahakamani. Barua ya wakili inayoitaja humfanya mtu alitafute faili lako. Kama pesa ni tatizo, nenda mahakama ya mwanzo, Amtsgericht, uombe Beratungsschein. Ukikubaliwa, mashauriano na wakili yatakugharimu euro 15.

Kabla ya wakili, kuna ushauri wa bure kwa wahamiaji watu wazima, Migrationsberatung, unaotolewa na mashirika ya misaada kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu karibu kila mji. Nenda kwao mapema, kabla jambo halijaharibika. Na muda huu utumie kusoma. Kozi ya kujumuika ina saa 600 za lugha na 100 za kuijua nchi. Mwenzi wa raia wa Ujerumani anayefika kiwango cha B1 cha Kijerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya kibali, na B1 haipatikani kwa mwezi mmoja.

Kuhusu ndoa yenyewe

Kibali hiki kinasimama juu ya nyinyi wawili kuishi pamoja kama mke na mume. Ofisi ikishuku, inaweza kuwahoji kila mmoja peke yake, au mtu akaja nyumbani. Msikariri majibu. Anayeishi na mwenzake anajua nani huamka kwanza na mswaki upi ni wa nani.

Lakini yuko anayesoma hapa ambaye nyumba yake si salama. Dada, kaka, nisikilize. Haki ya kukaa kwa kujitegemea kwa kawaida huja baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja Ujerumani kwenye ndoa. Hata hivyo kifungu cha 31 cha sheria ileile ya ukaazi kinaruhusu isisubiriwe pale penye madhila mazito, na ukatili wa nyumbani umetajwa humo. Mumeo akikwambia „nitakufuta, utarudi kwenu kesho“, huo si uwezo wake. Anaweza kuiarifu ofisi kwamba mmetengana, lakini anayeamua ni ofisi, na ni lazima ikupe nafasi ya kujieleza kwanza. Pasipoti yako ni yako. Hana ruhusa ya kuificha. Wanawake wana simu ya msaada, 116 016, bure, usiku na mchana, na unaweza kuwekewa mkalimani. Tunza ripoti za daktari, picha, ujumbe wa simu, na viweke kwa rafiki, nje ya nyumba hiyo. Ongea na mshauri kabla ya kuiandikia ofisi chochote kuhusu kutengana, ili kifungu cha 31 kitajwe tangu barua ya kwanza.

Ikija barua ya manjano

Ofisi ikifikiria kukataa, kwanza hukuandikia barua ya kutaka maelezo, Anhörung, yenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Ijibu. Ukimya wako utasomeka kama huna la kusema.

Uamuzi wenyewe wa kukataa mara nyingi huja kwenye bahasha ya manjano, na mtu wa posta huandika tarehe juu yake. Usiitupe bahasha hiyo. Muda wako wa kupinga, kwa kawaida mwezi mmoja, unahesabiwa kuanzia tarehe ile, na ukurasa wa mwisho wa barua unaeleza unapinga wapi. Fahamu pia kwamba uamuzi wa kukataa unaukata ulinzi wa kifungu cha 81, na pingamizi peke yake haliurudishi. Inabidi kuomba amri ya haraka kwenye mahakama ya utawala. Hiyo ni kazi ya wakili, na ni kazi ya wiki hiyohiyo.

Kadi ikitoka

Wengi wenu hamtafika kwenye bahasha ya manjano. Mtaitwa, mtachukuliwa alama za vidole, mtalipa euro 100, na kadi itatengenezwa Berlin kwa wiki kadhaa. Barua yoyote ya ofisi itakuja kwa posta, kwenye lile sanduku lenye jina lako la selotepu.

Siku ya kuichukua, soma herufi za jina, tarehe ya kuzaliwa, na maneno ya kazi. Kukiwa na karatasi ya nyongeza, Zusatzblatt, iambatane na kadi kila mahali. Kisha tazama „gültig bis“, yaani halali mpaka, hesabu wiki nane kurudi nyuma, na uiandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni. Hiyo ndiyo siku ya kutuma ombi la kuongeza muda, na barua itaanza na maneno „Hiermit beantrage ich die Verlängerung“.